Divisheni Wani, Famasi Hakuna

Kila mwezi wa saba, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, sisi tunaouza dawa hapa Chake Chake hugeuka washauri wa elimu bila ya mtu kutuajiri. Mwaka mmoja aliingia mzee na binti yake, simu mkononi, uso umemchanua. "Baba, huyu mwanangu kapata wani. Anataka kazi yako hiyo, hebu mtazamie." Nikaitazama simu. Kemia A, Baiolojia A, Fizikia S. Divisheni I ya pointi 8, haina ubishi. Nikamwambia binti akae kwenye benchi, nikamaliza kumhudumia mama mmoja mwenye mtoto wa homa, huku natafuta maneno. Maana kwa shahada ya famasi cheti kile kilikuwa kimeshagonga mwamba, na mzee alikuwa keshanunua soda za kuwagaia majirani.

Jambo hili huwachanganya wazee, vijana na hata baadhi ya walimu wa skuli, kwa sababu cheti kimoja kinapigiwa hesabu mbili, na hesabu hizo zinakwenda kinyume.

Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, NECTA. Huko A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Masomo matatu ya tahasusi, yaani yale uliyoyachagua kusomea Kidato cha Tano na Sita, yanajumlishwa, na jumla ikiwa ndogo ndiyo umefanya vizuri: 3 hadi 9 ni Divisheni I, 10 hadi 12 ni II, 13 hadi 17 ni III. Binti yetu ana 1 na 1 na 6, jumla 8. Wani.

Ya pili ni ya kuingilia chuo kikuu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo imegeuzwa juu chini. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, F ni sufuri. Hapa jumla kubwa ndiyo nzuri. Binti anapata 5 na 5 na nusu: pointi 10.5. Kima cha chini cha famasi kwa kawaida ni pointi 6. Mtu akiishia hapo atasema kapita na chenji imebaki.

Lakini chuo kinaanza kwa kuuliza: una prinsipo ngapi, yaani masomo mangapi uliyoyafaulu kikamilifu, na ni masomo gani? Famasi inataka prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Prinsipo inaanzia E. S ni ufaulu mdogo. Inakupa nusu pointi lakini haikuhesabiwi kama mguu wa tatu wa jiko. Na S ni maksi 35 hadi 39, E inaanzia 40. Inawezekana kabisa binti yule alikwamishwa na maksi moja ya Fizikia, akiwa na A mbili mfukoni.

Sasa muweke pembeni yake kijana mwengine mwenye Kemia C, Baiolojia D na Fizikia E. Kwa NECTA ana 3, 4 na 5, jumla 12: Divisheni II ya ukingoni, hakuna mzee atakayemnunulia soda. Kwa hesabu ya chuo ana 3, 2 na 1, pointi 6 kamili. Tuseme kuna chuo kinachodai pointi 6, Kemia isishuke chini ya C, Baiolojia isishuke chini ya D, Fizikia walau E. Huyu anatimiza kila sharti. Mwenzake mwenye D tatu naye ana pointi 6, naye ni Divisheni II ya 12, vyeti vyao vinafanana kwa jina na kwa jumla. Ila Kemia yake haikufika C, kwa hiyo chuo hicho kitamrudisha, na akienda kwenye chuo kinachodai pointi 6 bila ya kuitaja Kemia peke yake atapokewa fomu. Ndiyo maana nawaambia vijana wakifungue kile kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU wenyewe, wasome mstari wa famasi wa kila chuo, na waachane na "niliambiwa". Mstari ni mfupi lakini kila neno lililomo ni kufuli.

Wapo wanaosoma habari za vyuo vya Marekani wakaja kuniuliza barua ya kujieleza inaandikwaje. Kule mwombaji huandika insha, huitwa kwenye usaili, hupata nafasi ya kueleza kwa nini mwaka fulani alianguka na vipi aliinuka. Kwetu hakuna karatasi hiyo. Fomu inataka namba yako ya mtihani, mtandao unavuta alama zako kutoka Baraza la Mitihani, na basi. Msiba uliotokea wiki ya mtihani hauna kisanduku. Mwalimu wa Fizikia aliyehama mwezi wa pili asirejee hana kisanduku. Kuna ukali ndani ya mambo haya, sikatai. Ila mie nimeyaona pia kwa upande wa pili: mtoto aliyeboronga Kidato cha Pili, aliyepata sufuri kwenye moku, ule mtihani wa majaribio, aliyekaa nyumbani mwaka mzima akiuguza, haulizwi hata kimoja. Zinatazamwa alama zilizomo kwenye cheti tu.

Kwa hiyo cheti chenye mabonde kisisomwe kwa huzuni. Kisomwe kwa kuuliza bonde liko kwenye somo gani, na njia unayoitaka inapita juu ya somo hilo au kando yake. Ziko njia mbili kubwa, na kila moja inapita kwenye masomo tofauti. Hapa ndipo penye uhondo.

Ya moja kwa moja ni ile ya Kidato cha Sita, tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyesoma CBG ana Jiografia pale ilipotakiwa Fizikia, na hilo hugunduliwa wakati wa kujaza fomu, miaka miwili baada ya kuchagua tahasusi. Shahada yenyewe ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitali kabla ya kusajiliwa. Vyuo vinavyoifundisha kwa muda mrefu viko ng'ambo ya bahari, Muhimbili mjini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, St. John's Dodoma, kwa hivyo mtoto wa Pemba anapozungumzia famasi anazungumzia pia boti, kodi ya chumba na mahali pa kula.

Ya pili inaanzia Kidato cha Nne, nayo wengi huidharau mpaka wakwame. Ni stashahada ya famasi, miaka mitatu, kutoka ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi hadi ya 6. Hapa Zanzibar inafundishwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Mbweni, kwenye kile kilichokuwa Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya kabla ya kuunganishwa na chuo kikuu. Ukimaliza unaitwa mteknolojia wa dawa, unafanya kazi hospitali na famasi. Kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, sharti la kuingilia ni ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, yaani D kwenda juu, yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia na Baiolojia. Chuo kinaweza kuongeza lake juu ya hayo, basi litazame tangazo la mwaka wako.

Maneno "yasiyo ya dini" yanauma zaidi huku kwetu kuliko kwengine. Mtoto wa Wete au wa Makunduchi anaweza kuwa na Kiswahili B, Dini A, Kemia D, Baiolojia D, na mengine yote F. Mama anahesabu manne. Chuo kinahesabu matatu, kwa sababu Elimu ya Dini ya Kiislamu haimo. Lakini kama mtoto huyo huyo alifanya Kiarabu akapata hata D, yametimia manne, kwani Kiarabu ni lugha, si somo la dini. Nimeona mtu kakata tamaa mwaka mzima na Kiarabu chake cha C kimelala kabatini.

Jengine la njia hii: cheti cha Kidato cha Nne hakifutwi na cha Sita. Kijana aliyeanguka PCB, au aliyesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwepo skuli yao, bado ana D zake za sayansi za Kidato cha Nne, na kwa hizo anaweza kuomba stashahada leo. Wazee huona kama ni kurudi nyuma. Naomba nikatae. Kukaa nyumbani miaka miwili unasubiri shahada ikuite ndiko kurudi nyuma.

Kutoka stashahada unaweza kuomba shahada. Hapo vyuo hutaka wastani wa B, au GPA, yaani wastani wa alama zako za masomo, isiyopungua 3.0. Katika ngazi ya 6 GPA inapimwa kwa mizani ya 5: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Nayo si wastani wa kugawa tu. Kila somo lina uzito wake, na somo zito likikupa C linaweza kukuvuta chini kuliko masomo mawili mepesi. Ukisapu, yaani ukirudia mtihani wa somo uliloanguka, alama ya juu utakayoandikiwa ni C hata ungepata mia, kwa hivyo sapu mbili katika masomo mazito mwaka wa mwisho ni hatari kwa anayelenga 3.0. Jambo la kuangalia mapema ni namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET. Bila ya hiyo fomu ya shahada haikubali stashahada yako, na wanaokwenda kuitafuta dirisha la udahili limeshafunguliwa huwa wanashindana na foleni.

Sasa niwaeleze shimo ambalo limewameza watu wengi ninaowajua. Dada mmoja wa Wete, nimefanya naye kazi, aliingia stashahada na D nne zake barabara. Hisabati alikuwa na F, lakini stashahada haikumuuliza Hisabati. Akamaliza na GPA ya 3.8, akafanya kazi miaka kadhaa, akaijua dawa kuliko baadhi ya wenye shahada. Alipoomba famasi chuo kikuu akakataliwa. Sababu ilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa sharti: pamoja na stashahada na GPA, mwombaji awe na D au zaidi ya Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba ilimngojea njiani wakati wote huo, kimya.

Yaani mlango wa stashahada ni mpana, wa shahada mwembamba, na wa pili unatazama tena cheti ambacho wa kwanza ulikisamehe. Kijana wa stashahada asiyetaka zaidi ya kuwa mteknolojia hana haja ya kujali. Mwenye ndoto ya kuwa mfamasia aizibe F yake akiwa bado Mbweni, kichwa kingali na joto la darasa.

Kuziba kwenyewe ndiko kurisiti, yaani kurudia mtihani wa taifa, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yako ya mtihani itaanza na P badala ya S ya skuli, na hilo halipunguzi thamani ya alama. Kinachopunguza ni muda. Hebu tumfuate dada yetu. Kakataliwa mwezi wa nane. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anasubiri. Mtihani ni Novemba. Matokeo hutoka Januari inayofuata. Dirisha la vyuo vikuu hufunguliwa karibu na Julai, masomo huanza Oktoba au Novemba. Kutoka siku aliyokataliwa hadi siku atakayokaa darasani ni zaidi ya miaka miwili, kwa D moja ya Hisabati. Angeifanya akiwa mwaka wa pili wa stashahada, isingemgharimu hata siku moja.

Kwa Kidato cha Sita kalenda ni nyengine: mtihani ni Mei, matokeo Julai, na kujisajili hufanyika mwaka uliotangulia. Anayengoja mpaka Januari ndipo aulize kituo, mwaka huo umeshampita. Tena mtu wa sayansi achague kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa sababu Kemia na Fizikia zina praktiko, mtihani wa vitendo, na praktiko haisomwi kwa madaftari ya mwenzio. Twisheni za jioni hapa Pemba nyingi ni za nadharia. Ukimpata mwalimu mwenye ufunguo wa maabara, msalimie kwa mikono miwili.

Kabla ya kulipia kurisiti somo moja, ulize chuo unachokitaka kama kinakubali kuunganisha alama za mikao miwili ya mtihani, na jibu lije kwa maandishi. Ukijaza fomu, andika namba zote za mitihani yako. Wapo wanaoificha ile ya kwanza kwa haya, kumbe ndani ya hiyo ndimo ilimo Baiolojia yao nzuri.

Halafu majina. Nalitia hapa kwa sababu limewaumiza watu wetu kuliko Fizikia. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis Mohammed Ali, cha Kidato cha Nne Hamis Mohamed Ally, cha Kidato cha Sita kimeacha jina la babu. Kwa jirani yako huyo ni mtu mmoja. Kwa mtandao ni watu watatu. Anayerisiti ndiye aliye hatarini zaidi, maana anajisajili upya, mara nyingi na karani wa kituo ambaye hamjui babu yake. Jiandikishe herufi kwa herufi kama cheti cha mwanzo kilivyo, hata kama kimekosea, na marekebisho yafanye kwa utaratibu wake kabla ya msimu wa maombi.

Nimezungumza muda wote juu ya kima cha chini. Kima cha chini kinakupa haki ya kuomba tu. Nafasi za famasi si nyingi, na chuo chenye waombaji wengi huanza na wenye alama za juu. Mwenye pointi 6 anayeomba Muhimbili peke yake anajitafutia presha. Aombe vyuo zaidi ya kimoja, na asilale awamu ya kwanza ikimkosa, kwani kuna awamu zinazofuata kwa programu ambazo bado zina nafasi. Akichaguliwa vyuo viwili, lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Asipothibitisha anajitoa mwenyewe.

Watu huuliza pia kwa nini mtoto wa Zanzibar afuate kitabu cha TCU wakati tuna wizara yetu ya elimu na yetu ya afya. Baraza la Mitihani na elimu ya juu vimo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo mtihani na sifa za kuingia chuo kikuu ni zile zile kutoka Konde hadi Songea. Afya si ya Muungano. Ndiyo maana atakayesomea bara akarudi kufanya kazi Unguja au Pemba atashughulika tena na mamlaka za huku. Mkopo nao una mlango wa huku, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na fomu yake ni tofauti na ya chuo; kupata chuo hakumaanishi umepata mkopo.

Yule binti wa wani nilimweleza haya yote pale kwenye benchi, mzee kasimama anasikiliza na mikono nyuma. Nikampa na njia nyengine: kwa A mbili za Kemia na Baiolojia angeweza kuingia shahada ya ualimu wa sayansi mwaka ule ule. Hakutaka. Akaandikia chuo kuuliza kuhusu mikao miwili, akajibiwa kwamba inakubalika, akajisajili Fizikia peke yake.

Mzee aliniuliza swali moja tu kabla ya kutoka. Soda zile azirudishe dukani?

Nikamwambia azigawe, mzee wangu. Wani ni wani.